Chai ya Tangawizi na Maumivu ya Mwili



Katika mazungumzo ya leo twapenda kuitazama dawa moja isiyohitaji kutafutwa mbali. Haimo katika kabati la daktari wala katika mkoba wa mganga. Imo jikoni, katika kikapu cha viungo, pamoja na iliki na mdalasini. Dawa hiyo ni tangawizi. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, katika vichochoro vya Mwananyamala na Tandale huko Kinondoni, na upande wa pili wa mji katika Tandika na Mbagala huko Temeke, mama lishe huwasha majiko yao ya mkaa, wakaponda tangawizi na kuitia katika sufuria ya chai. Jioni nao wauza kahawa huketi barazani na madele yao, na kahawa yao aghalabu huwa imetiwa tangawizi pia. Mpagazi wa sokoni, dereva wa bodaboda, fundi mwashi na mwalimu wa shule, wote hunywa katika vikombe vile vile.

Watu hawa hawanywi kwa ajili ya utamu peke yake. Mmoja hunywa kwa sababu mgongo wamuuma baada ya kubeba magunia mchana kutwa. Mwingine magoti yake hayamruhusu kuinuka vema. Na binti wa shule hunyweshwa na mama yake kila mwezi anapoumwa na tumbo. Basi yatupasa kuuliza: je, kikombe hiki hutuliza maumivu kweli, au hutuliza moyo tu?

Juu ya swali hili watu wamegawanyika pande mbili. Wako wanaosema kwamba tangawizi huondoa kila maumivu, na kwamba aliye nayo hana haja ya zahanati. Wako na wengine, hasa wale waliosoma, wanaoicheka na kusema kuwa ni mambo ya wazee tu. Sisi twaona ya kwamba pande zote mbili zimekosa jambo moja, nalo ni kipimo. Tangawizi ni dawa ya kweli kwa maumivu ya namna fulani, kwa kiasi fulani na kwa muda fulani. Lakini atakaye kuitumia vema ni lazima kwanza ayajue maumivu yake. Hilo ndilo neno letu la leo, na yote yafuatayo ni kulieleza.

Mmea wenyewe

Watu wengi husema mzizi wa tangawizi, lakini kwa hakika kile tunachokiponda si mzizi. Ni shina la mmea, ambalo badala ya kupanda juu hutambaa chini ya ardhi, likanenepa na kutoa vifundo kama vidole vya mkono. Manjano na iliki ni ndugu zake katika jamii moja ya mimea. Asili yake ni Asia ya kusini na mashariki, na watu wameilima kwa muda mrefu hata leo haipatikani ikiota yenyewe porini. Kutoka huko ilisafirishwa na wafanya biashara wa bahari hata ikajulikana pande zote. Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya kwanza, aliisifu kuwa hupasha mwili joto na kulifaa tumbo; na Qurani, katika Sura ya 76, yaitaja zanjabili, yaani tangawizi, miongoni mwa vinywaji vya Peponi.

Katika Tanzania tangawizi hulimwa mahali pengi penye mvua na udongo mwepesi. Sifa kubwa inayo milima ya Upare, katika wilaya ya Same, hasa huko Mamba Miamba, ambako wakulima wengi huitegemea kwa riziki yao. Huchimbwa, ikakung'utwa udongo, ikatiwa katika magunia na kupelekwa mjini. Hata ifikapo katika masoko ya Tandika na Tandale huuzwa kwa mafungu, na mtu mwenye fedha chache hakosi kipande chake. Kwa hiyo dawa hii ni ya maskini na tajiri sawasawa; na hii ni sababu kubwa ya kutaka kuijua vizuri.

Jinsi inavyotuliza

Mtu akijikwaa, au akichoka misuli, au mwanamke akiwa katika siku zake, mwili wake hutengeneza vitu fulani viitwavyo prostaglandini. Vitu hivi vina kazi yake. Huleta uvimbe na joto mahali palipoumia. Huifanya mishipa ya fahamu iwe myepesi kuhisi uchungu. Na katika tumbo la uzazi huikaza misuli ili damu itoke. Vikiwa vingi kupita kiasi, maumivu nayo huzidi.

Mwaka 1971 John Vane, mtaalamu wa Uingereza, alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Na mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zake juu ya vitu hivyo. Sasa, ndani ya tangawizi mbichi mna kitu kiitwacho jinjeroli, ambacho ndicho kinachowasha ulimi. Na tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa kitu kingine kikali zaidi, kiitwacho shogaoli. Wataalamu walipovipima vitu hivi viwili waliona kwamba navyo huizuia kazi ile ile, ijapokuwa kwa nguvu ndogo kuliko vidonge vya dukani. Kwa hiyo wazee wetu waliosema kwamba tangawizi hutuliza hawakusema uongo. Ila walijua tendo lake bila kujua njia yake.

Yaliyopimwa

Lakini kitu kufanya kazi katika chupa ya mtaalamu ni jambo moja, na kumfaa mgonjwa ni jambo jingine. Hebu tutazame majaribio yaliyofanywa kwa watu.

Tuanze na maumivu ya hedhi, ambayo mitaani huhesabiwa pamoja na chango. Mwaka 2009 wataalamu wa Irani walitangaza habari za jaribio walilolifanya kwa wasichana 150 wa vyuo, ambao wote walikuwa wakisumbuliwa na maumivu hayo. Waliwagawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa vidonge vya unga wa tangawizi, miligramu 250 kila kimoja, mara nne kwa siku. La pili lilipewa asidi ya mefenamiki, na la tatu aibuprofeni, ambazo ni dawa za hospitali zinazojulikana sana. Wote walitumia dawa zao kwa siku tatu tangu hedhi ilipoanza. Mwisho wake haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo; wale wa tangawizi walipata nafuu sawa na wenzao. Jambo hili si dogo. Binti anayekosa siku mbili za masomo kila mwezi kwa sababu ya tumbo hukosa siku nyingi katika mwaka mmoja, naye mara nyingi huona haya kusema sababu yake.

Pili, maumivu ya misuli iliyofanyizwa kazi nzito. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwapa watu gramu 2 za tangawizi kila siku kwa muda wa siku 11, kisha wakawafanyiza kazi ngumu ya mikono. Wale waliotumia tangawizi waliona maumivu yao yamepungua kwa kadiri ya robo moja kuliko wale waliopewa dawa ya bandia. Tena wengine walipewa tangawizi mbichi na wengine iliyopata moto, na faida ikawa karibu sawa. Habari hii yatupendeza sisi wanywaji wa chai, maana yaonyesha kwamba moto hauiharibu kazi yake. Lakini angalieni: walitumia siku kadha wa kadha. Mpagazi anayekunywa kikombe kimoja jioni na kutaka mgongo uwe mzima usiku ule ule atavunjika moyo. Tangawizi si dawa ya papo hapo, wala haimpi mtu ruhusa ya kubeba mzigo uliomzidi nguvu.

Tatu, maumivu ya magoti ya wazee, yatokanayo na kulika kwa viungo. Mwaka 2001 lilitangazwa jaribio la wagonjwa 247 waliotumia kwa wiki sita ama dawa ya bandia, ama dawa iliyokolezwa kutokana na tangawizi na mmea mwingine wa jamii yake. Katika kila watu 100 waliotumia tangawizi, 63 walipata nafuu ya magoti waliposimama. Na katika kila 100 waliotumia bandia, 50 walipata nafuu. Zitazameni vema hesabu hizi, kwa kuwa zina mafunzo mawili. La kwanza, tangawizi ilisaidia. La pili, nusu ya wale ambao hawakupewa dawa yoyote ya kweli walisema wamepata nafuu pia! Maumivu huja na kuondoka, na matumaini nayo yana nguvu zake. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani mmoja, hata akiwa mkweli namna gani, hautoshi kuthibitisha dawa.

Twaongeza neno moja la haki. Majaribio haya yalitumia unga au dawa iliyokolezwa, kwa vipimo maalumu, hayakutumia chai. Chai hutoa sehemu tu ya nguvu iliyomo katika tangawizi, na sehemu nyingine hubaki katika makapi. Kwa hiyo atakaye faida hana budi kuipika kwa namna ifaayo.

Namna ya kuipika

Chagueni tangawizi iliyo ngumu, yenye ngozi laini isiyokunjamana, na ambayo ikivunjwa hutoa mlio na harufu kali. Iliyo nyepesi na kusinyaa imepoteza maji yake. Na iliyoota kuvu itupwe, isikatwe upande mmoja ukaliwa mwingine. Unga uliosagwa tayari huweza kuchanganywa na vitu vingine, wala jicho haliwezi kutambua; basi ni afadhali kununua kipande kizima.

Kwa vikombe viwili, twaeni kipande kilicho kadiri ya pingili moja ya kidole gumba. Kiosheni kwa kukisugua, maana kimetoka udongoni. Si lazima kukimenya. Kipondeni katika kinu kidogo hata nyuzi zake zionekane, kisha kitieni katika sufuria yenye maji ya vikombe viwili na ushehe. Funikeni, mkaache yachemke kwa moto mdogo kwa muda wa dakika 10. Chujeni; au, mkiweza kuvumilia ukali, msichuje sana, maana katika makapi mna nguvu. Asiye na tangawizi mbichi na atumie nusu kijiko kidogo cha unga kwa siku nzima, ambayo ni kadiri ya gramu moja, sawa na kipimo cha wale wasichana wa Irani.

Kwa maumivu ya hedhi, anzeni siku ile ile maumivu yanapoonekana, mara tatu au nne kwa siku, kwa siku tatu, kisha acheni. Kwa misuli na magoti, kikombe asubuhi na jioni chatosha. Mtu mzima asipite gramu 4 za unga kwa siku. Kuzidisha dawa hakuzidishi afya.

Yako mambo mawili ambayo watu wengi hawayaangalii. La kwanza ni sukari. Chai ya mitaani hutiwa sukari nyingi mno, na mtu mnene mwenye kuumwa magoti akinywa vikombe vinne vya namna hiyo kila siku atazidisha uzito unaoyalemea magoti yale yale anayoyatibu. Mwenye ugonjwa wa kisukari asiitie sukari hata kidogo. La pili ni majani ya chai. Majani haya yana kitu kinachouzuia mwili usipate madini ya chuma kutoka katika chakula, hasa maharage na mboga za majani. Na chuma ndicho kinachojenga damu. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi kila mwezi yu karibu na upungufu wa damu. Kwa hiyo twamshauri apike tangawizi katika maji matupu, bila majani ya chai. Au kama apenda chai yenyewe, ainywe mbali na mlo, yapata saa moja au mbili baada ya kula. Badiliko hili halina gharama, nalo laweza kumfaa kuliko tangawizi yenyewe.

Wasiofaa kuitumia ovyo

Kila chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia. Tangawizi nyingi huleta kiungulia. Basi mwenye vidonda vya tumbo ajihadhari, na akiona tumbo lamchoma aiache. Mwenye kutumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, kama vile warfarini, asiitumie kama dawa kabla ya kumwuliza daktari wake, kwa kuwa tangawizi nayo hudhaniwa kupunguza kuganda kwa damu. Atakayepasuliwa na amwambie daktari mapema kila dawa ya asili anayoitumia. Mwenye mawe katika kibofu cha nyongo na ajizuie. Mama mja mzito aweza kuinywa kidogo kwa kichefuchefu, na wengi imewafaa, lakini asipite gramu moja ya unga kwa siku, na wakunga wa kliniki waambiwe.

Twaonya pia juu ya desturi iliyoenea sana, ya kununua vidonge vya diklofenaki dukani na kuvimeza kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti. Vidonge hivi vikitumiwa muda mrefu bila ushauri huweza kutoboa tumbo, kudhuru mafigo na kupandisha shinikizo la damu. Mtu akiweza kuvipunguza kwa msaada wa tangawizi, kupumzika na mazoezi, amefanya vema. Lakini dawa aliyoandikiwa na daktari kwa ugonjwa maalumu asiiache kwa kuwa jirani amesema tangawizi yatosha.

Maumivu yasiyo ya tangawizi

Sasa twafika katika sehemu ya mazungumzo yetu iliyo kubwa kuliko zote. Maumivu ni mjumbe. Mwenye nyumba akimtuliza mjumbe kwa chai kabla ya kuusikiliza ujumbe wake, huenda nyumba ikaungua. Tangawizi humtuliza mjumbe, haiuzimi moto.

La kwanza ni homa. Mtu huamka na kichwa kinamuuma, viungo vyake vimelegea, na mwili una joto. Katika Dar es Salaam hali hii yaweza kuwa malaria. Homa ya malaria ina desturi ya kupanda na kushuka. Basi mgonjwa akinywa chai wakati homa inapotaka kushuka yenyewe, huisifu chai na kukaa nyumbani, na kumbe vijidudu vinaendelea kuongezeka katika damu yake. Zahanati zina kipimo cha haraka: tone moja la damu ya kidole, na katika muda wa kadiri ya dakika 20 jibu hujulikana. Ikiwa ni malaria, dawa ya mseto ipo. Nayo dawa hiyo, wenzetu, hutokana na mmea. Mama Tu Youyou wa China aliitoa artemisinini katika mmea uliotumiwa na wazee wa kwao, akaipima, akaitengeneza, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Hata kwinini ya zamani ilitoka katika magome ya mti, ambao Wadachi waliupanda huko Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Basi anayekwenda zahanati hakuikimbia miti shamba. Ameifuata ile iliyokwisha pimwa.

Au homa ile yaweza kuwa kidingapopo, ambayo wengi huiita dengue. Mwaka 2014 ugonjwa huu uliushambulia mji wa Dar es Salaam, na Kinondoni ndiyo iliyopigwa zaidi. Mwaka 2019 ukarudi tena kwa nguvu. Dalili zake ni homa kali, maumivu nyuma ya macho, na maumivu ya mifupa na viungo, kama kwamba mtu amepigwa kwa rungu. Hapa pana hatari ya peke yake: mgonjwa akimeza aspirini, aibuprofeni au diklofenaki ili kutuliza viungo, aweza kutokwa na damu, kwa sababu ugonjwa wenyewe umekwisha dhoofisha kuganda kwa damu. Hutumiwa parasetamoli, na maji mengi, uji na madafu. Na tangawizi iliyokolezwa iachwe. Akiona damu katika ufizi au puani, au tumbo lauma sana, au anatapika bila kukoma, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama homa imeshuka; maana hatari ya kidingapopo huja mara nyingi wakati homa inapoondoka.

La pili ni tumbo. Maumivu yanayoanza karibu na kitovu na kuhamia upande wa kulia chini, yakazidi saa kwa saa, huenda ni kidole tumbo, nacho hutaka kisu cha daktari. Mwanamke aliyekosa siku zake, kisha akaumwa ghafla chini ya tumbo upande mmoja, na kizunguzungu au damu kidogo, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Huyu asipewe chai ya chango, atafutiwe gari. Na binti ambaye maumivu yake ya hedhi huzidi mwaka hata mwaka, au humjia hata nje ya siku zake, na aonwe na daktari, wala asiambiwe kwamba ndivyo walivyo wanawake.

La tatu ni viungo vya mtoto. Tanzania ni miongoni mwa nchi za dunia zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao katika huo chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mtoto hulia kwa maumivu ya mikono na miguu, pengine vidole vikavimba. Na wazazi humkanda kwa tangawizi wakidhani ni baridi. Mtoto wa namna hii apimwe damu. Ugonjwa ukijulikana mapema, ziko dawa za kumkinga na maradhi mengine na za kupunguza maumivu hayo.

La nne: maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani pamoja na jasho jingi, kichwa kinachopasuka ghafla, au kilichofuatana na shingo kukakamaa, degedege au mkono kupooza, na mgongo unaouma pamoja na miguu kufa ganzi au mkojo kutoka bila mtu kujua. Haya yote si ya jikoni.

Wengi wetu twakumbuka mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, jinsi tangawizi na malimau yalivyotafutwa kila soko na watu wakajifukiza majumbani. Kikombe cha moto kililainisha koo na kumpa mgonjwa faraja, na faraja si kitu cha kudharauliwa. Lakini haikuthibitika kuwa tangawizi yaweza kukiua kijidudu cha ugonjwa ule. Na aliyekuwa akikosa pumzi alihitaji hewa ya oksijeni, hakuhitaji kikombe cha pili.

Maswali matatu kabla ya kuteleka sufuria

Basi, kwa kufupisha, twawaombeni kila mtu nyumbani mwake ajifunze kuuliza maswali matatu kabla ya kuponda tangawizi. Kwanza, maumivu yako wapi, na je, ni yale ninayoyajua, au ni mageni? Pili, yameanza lini, na je, yapungua au yazidi? Tatu, yamefuatana na nini: homa, damu, kutapika, kizunguzungu, ganzi? Ikiwa ni maumivu mliyoyazoea, ya misuli iliyochoka, ya hedhi iliyo ya kawaida, au ya magoti ya mzee, wala hayana jambo jingine, telekeni sufuria kwa amani. Mna dawa njema mikononi mwenu. Ikiwa ni mageni, au yazidi, au yamefuatana na mojawapo ya hayo tuliyoyataja, sufuria na ingoje. Njia ya zahanati ndiyo ya kwanza. Na yakiwa mageni usiku, msingoje kupambazuke: Hospitali ya Mwananyamala kwa watu wa Kinondoni, na Hospitali ya Temeke kwa watu wa Temeke, hupokea wagonjwa usiku na mchana.

Wala msiwafiche madaktari kwamba mmetumia tangawizi. Huko Muhimbili iko Taasisi ya Tiba Asili, ambayo ilianza kama idara ndogo mwaka 1974 na kupandishwa kuwa taasisi mwaka 1991, na kazi yake ni kuchunguza dawa za miti za nchi hii. Elimu ya jikoni na elimu ya hospitali si maadui. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na mficha dawa aliyoitumia humpotezea daktari njia.

Tangawizi imewafaa watu kwa karne nyingi, nayo itaendelea kutufaa, maadamu twaipa kazi inayoiweza na kuikataza ile isiyoiweza. Mama lishe wa Tandika aijuaye hesabu ya sukari na majani katika sufuria yake hashindwi kuijua hesabu hii pia.